Kulinda mandhari isimezwe na majengo: njia nne za kupanga ardhi, na ipi inakufaa

Mlima haupotei kwa siku moja. Anaanza mtu mmoja na kiwanja kimoja, pale juu penye mwonekano. Anapewa kibali, na kwa haki kabisa, kwa sababu nyumba moja haiharibu mlima. Ili afike huko huchongwa barabara, na udongo uliochongwa humwagwa upande wa chini, ukabaki kovu linaloonekana mpaka ng'ambo ya bonde. Barabara ikishakuwepo, kiwanja cha pili ni rahisi kuliko cha kwanza. Umeme ukishafika, cha tatu kinapanda bei. Miaka kumi na tano baadaye kila kibali kwenye faili ni halali, kila mhuri uko mahali pake, na ule mteremko ambao watu walikuwa wanasimamisha magari kuutazama haupo tena.

Ugumu wote uko hapo. Kibali hutolewa kwa kiwanja, ilhali mandhari haiishii kwenye kiwanja. Jicho huona bonde zima, na bonde hilo mara nyingi liko chini ya halmashauri mbili, tatu, hata sita. Halmashauri moja ikikaza, mwekezaji anavuka mto kwenda kwa jirani. Ndiyo maana watu wanaotaka kulinda sehemu za namna hii hufika mahali wakaanza kuzungumzia kanda nzima, na hapo ndipo wanapokwama: watumie njia gani?

Kuna njia nne ambazo zimejaribiwa kwa miaka mingi na matokeo yake yanajulikana. Ya kwanza ni kuunda mamlaka moja ya kanda. Ya pili ni kuweka katazo la wazi ndani ya sheria ya nchi. Ya tatu ni kununua ardhi, au kununua haki ya kuijenga. Ya nne ni kuhamisha haki za ujenzi kutoka mahali panapolindwa kwenda mahali panapofaa kujengwa.

Vigezo vya kupimia

Nitazipima zote kwa maswali manne. Je, njia hii inaona mandhari nzima, au kipande tu? Nani analipa? Mwenye ardhi anabaki na nini mkononi? Na inadumu kiasi gani serikali ikibadilika au bei ya ardhi ikipanda?

Mimi naliweka swali la tatu mbele kuliko wengi wanavyofanya. Mara nyingi aliyelitunza bonde mpaka likabaki zuri ni mkulima au mfugaji ambaye hakuligawa viwanja wakati wengine wanagawa. Mpango unaomfanya yeye ndiye alipe uzuri ambao kila mtu anaufaidi utapingwa, na utakuwa umestahili kupingwa.

1. Mamlaka moja ya kanda

Inavyofanya kazi: sheria huchora mpaka kuzunguka eneo lote, kisha huunda chombo kimoja chenye nguvu ya kupanga matumizi ya ardhi ndani yake, ikiwemo ardhi ya watu binafsi.

Mfano unaotajwa sana ni Adirondack, kaskazini mwa jimbo la New York, Marekani. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1892 na ina ekari zipatazo milioni 6, ambazo karibu nusu yake ni za watu binafsi. Kwa miongo mingi hilo halikuwa tatizo, kwa kuwa kufika huko ilikuwa safari. Barabara kuu ya Northway ilipokamilika mwaka 1967, miji mikubwa ikawa karibu, na kampuni za viwanja zikaja na mipango mikubwa ya nyumba za mapumziko. Mwaka 1971 ikaundwa mamlaka ya hifadhi, na mwaka 1973 mpango wa ardhi binafsi ukawa sheria. Mpango huo uligawa ardhi katika madaraja. Ndani ya vijiji vilivyokuwepo hakukuwekwa kikomo cha idadi ya majengo. Kwenye daraja kali zaidi, ule msitu wa ndani, wastani ni majengo makuu 15 kwa maili ya mraba, yaani jengo moja kwa takribani ekari 43.

Kuona mandhari nzima: hapa ndipo njia hii ina nguvu. Chukua Bonde la Mto Columbia, mpakani mwa majimbo ya Oregon na Washington, ambalo lililindwa kwa sheria ya mwaka 1986. Lina ekari 292,500 hivi, kaunti sita, na maeneo ya miji 13 yaliyoachwa nje ya masharti makali ili miji ipate pa kukulia. Mipango ya huko haiulizi tu kiwanja kina ukubwa gani. Inaanza na orodha ya sehemu maalumu za kutazamia: barabara, njia za miguu, mto wenyewe. Ukiomba kujenga, unaulizwa jengo lako litaonekanaje kutoka sehemu hizo. Rangi ya ukuta iwe ya udongo iliyokolea, siyo nyeupe. Vioo visirudishe mwanga, maana dirisha moja kubwa linaloelekea jua la jioni huonekana kutoka mbali kuliko nyumba yenyewe. Miti iliyopo mbele ya nyumba ibaki, na ikihitajika ipandwe mingine. Nyumba inajengwa, lakini mlima unabaki kuwa ndio unaoonekana kwanza. Naupenda utaratibu huu kwa sababu unapima kile hasa kinachopotea.

Nani analipa: serikali hugharimia ofisi, wataalamu na kesi. Mwenye ardhi hulipa kwa njia ya siri zaidi, kwa sababu thamani ya ardhi yake kama viwanja hushuka.

Mwenye ardhi: hubaki na shamba lake na matumizi yake ya kawaida, ila hupoteza ndoto ya kuligawa. Adirondack ilizua hasira za miaka mingi, hasa kwa wenyeji waliohisi kuamuliwa mambo yao na watu wa mbali. Hasira hizo hazikuwa za kupuuzwa.

Kudumu: inategemea maandishi ya kanuni za kupiga kura, jambo ambalo wengi hulipita haraka. Ziwa Tahoe liko kati ya California na Nevada, na mwaka 1969 majimbo hayo mawili yaliunda chombo cha pamoja. Kwenye mkataba ule wa kwanza, ili mradi ukataliwe ilihitajika wajumbe wengi wa kila jimbo waukatae, na usipoamuliwa ndani ya siku 60 ulihesabiwa umekubaliwa. Maana yake ni kwamba kugawanyika kwa wajumbe kulikuwa ushindi wa mjenzi. Mkataba uliandikwa upya mwaka 1980. Kwa hiyo ukipewa rasimu ya sheria ya mamlaka ya kanda, usianze na ramani. Fungua ukurasa wa kura kwanza, utazame kimya kinahesabiwa upande gani.

Udhaifu mwingine ni huu: wastani wa jengo moja kwa ekari 43 unaweza kuleta nyumba zilizotawanyika msituni, kila moja na barabara yake. Idadi ni ndogo, lakini msitu umekatwa vipande. Mpango mzuri husukuma nyumba zikae pamoja pembeni na kuacha sehemu kubwa ikiwa nzima.

Inawafaa: maeneo makubwa yenye wamiliki wengi, yanayovuka mipaka ya utawala, na ambako serikali ya juu iko tayari kusimama imara kwa zaidi ya uchaguzi mmoja.

2. Katazo la wazi ndani ya sheria

Inavyofanya kazi: hakuna chombo kipya wala majadiliano ya kila kiwanja. Sheria inasema hapa mwisho.

Ufaransa, sheria ya pwani ya Januari 1986 inakataza kujenga ndani ya mita 100 kutoka ufukweni nje ya maeneo yaliyokwisha kuwa mji, isipokuwa kwa shughuli zinazohitaji kuwa karibu na maji. Uswisi ilikwenda kwa namna nyingine. Mwezi Machi 2012 wapiga kura, kwa asilimia 50.6, walikubali kwamba nyumba za mapumziko zisizidi asilimia 20 ya nyumba zote katika kila manispaa. Oregon nayo, kwa sheria ya mwaka 1973, ililazimisha kila mji uchore mpaka wa kukua kwake, ili mashamba na misitu iliyo nje ya mpaka ibaki kuwa mashamba na misitu.

Kuona mandhari nzima: hapana, na haidai hivyo. Mita 100 ni mita 100, pawe na mwamba mzuri au pasiwe. Kilima kilicho mita 300 nyuma, ambacho ndicho kinachoonekana kutoka baharini, kinahitaji vifungu vingine.

Nani analipa: gharama za uendeshaji ni ndogo kuliko za njia zote nne. Mtu yeyote mwenye kamba ya kupimia anaweza kujua kama sheria imevunjwa, na hiyo ni faida kubwa mahali ambapo ofisi ya mipango ina maofisa wawili na gari moja bovu. Tena katazo la wazi humpunguzia ofisa majaribu. Pale ambapo sheria inasema "kwa kadiri itakavyofaa", bahasha hupata njia. Panaposema mita 100, ofisa ana jibu fupi la kumpa mtu mzito.

Mwenye ardhi: hapa ndipo inapouma. Aliye ndani ya mstari hupoteza, na jirani yake aliye hatua kumi nyuma hutajirika. Kesi ya Lucas huko South Carolina inafundisha mengi. David Lucas alinunua viwanja viwili vya ufukweni mwaka 1986. Mwaka 1988 jimbo likapitisha sheria iliyomzuia kujenga nyumba yoyote ya kudumu ya kuishi juu yake. Mwaka 1992 Mahakama Kuu ya Marekani ikaamua kwamba sheria inayoondoa thamani yote ya kiuchumi ya ardhi kwa kawaida inadai fidia. Jimbo likaishia kuvinunua viwanja vile, kisha likaviuza vijengwe ili kurudisha fedha. Anayetaka katazo bila mfuko wa fidia aikumbuke kesi hiyo.

Kudumu: maandishi ni imara, siasa siyo. Oregon, mwaka 2004, wapiga kura walipitisha pendekezo lililowapa wamiliki waliokuwa na ardhi kabla ya masharti kuwekwa haki ya kudai fidia au kuondolewa masharti hayo. Miaka mitatu baadaye, walipoona ukubwa wa miradi iliyoombwa, wapiga kura haohao walilipunguza makali kwa pendekezo jingine. Uswisi nako, baada ya kura kutangazwa, watu walikimbilia kuomba vibali kabla mlango haujafungwa. Ukitangaza katazo, vibali visimamishwe siku hiyohiyo.

Inawafaa: mahali penye mpaka wa asili ulio dhahiri, kama ufuko, ukingo wa ziwa au mto, na penye uwezo mdogo wa kusimamia.

3. Kununua ardhi, au kununua haki ya kuijenga

Inavyofanya kazi: kuna namna mbili. Ya kwanza ni kununua ardhi yenyewe na kuiweka mahali ambapo haiwezi kuuzwa tena. Ya pili ni kumlipa mwenye shamba aweke zuio la kudumu kwenye hati: shamba ni lake, atalima, atarithisha, atauza akitaka, lakini hakuna atakayeligawa viwanja.

Uingereza, shirika la National Trust lilianzishwa mwaka 1895 kwa lengo hili, na mwaka 1965 lilianza kampeni ya kununua pwani. Ufaransa iliunda chombo chake cha kununua pwani, Conservatoire du littoral, mwaka 1975, na sasa kinalinda zaidi ya hekta 200,000. Angalia kwamba Ufaransa ina katazo na ununuzi kwa pamoja. Hawakuona sababu ya kuchagua kimoja.

Kuona mandhari nzima: inaona kile kilichouzwa. Unanunua hapa, unakosa pale, na kati yake mtu anajenga hoteli. Tena ardhi iliyolindwa huwa tangazo kwa majirani: "kiwanja kinachopakana na hifadhi, hakuna atakayekuziba." Ununuzi bila mpango wa pembeni unaweza kuvuta ujenzi mpaka ukutani mwa hifadhi.

Nani analipa: umma au wafadhili, na bei ni ya soko. Kila mwaka unaochelewa bei hupanda, hasa barabara ya lami ikitangazwa. Kisha kuna gharama ambayo hutajwa kwa sauti ndogo: ardhi inahitaji msimamizi, na zuio kwenye hati linahitaji mtu wa kwenda kuliangalia kila mwaka, kizazi baada ya kizazi. Mmiliki wa tatu hakuahidi kitu. Alikuta tu mstari kwenye karatasi.

Mwenye ardhi: kwake hii ndiyo njia yenye heshima kuliko zote. Anaulizwa, anajadiliana, analipwa, anakubali au anakataa. Familia iliyobanwa na deni inaweza kuuza haki ya kujenga na kubaki shambani.

Kudumu: kwa ardhi iliyonunuliwa ikawekwa chini ya sheria ya kutouzwa, hakuna njia inayoizidi.

Inawafaa: sehemu chache zenye thamani isiyo na mbadala, kama ncha ya rasi, maporomoko, au kilele ambacho bonde zima hukitazama. Pia vikundi vya wananchi visivyo na nguvu ya kutunga sheria lakini vinavyoweza kuchangisha.

4. Kuhamisha haki za ujenzi

Njia hii ndiyo isiyoeleweka haraka, kwa hiyo tupige hesabu.

Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, Marekani, mwaka 1980 ilitenga ekari zipatazo 93,000 za mashamba. Kabla ya hapo mtu aliruhusiwa nyumba moja kwa kila ekari 5. Baada ya hapo, moja kwa ekari 25. Ili mkulima asinyang'anywe tofauti hiyo, alipewa haki za kuuza, moja kwa kila ekari 5. Mwenye ekari 100 ana haki 20. Nyumba anazoweza kujenga shambani ni 4. Akijibakizia haki 4 kwa ajili ya hizo, anaweza kuuza 16. Anayenunua ni mjenzi aliye kwenye eneo lililotengwa kupokea, karibu na mji na huduma, ambaye kwa kila haki anaruhusiwa kuongeza nyumba juu ya kiwango cha kawaida. Fedha zinatoka kwa mjenzi kwenda kwa mkulima, na shamba linafungwa kwenye hati.

Kuona mandhari nzima: ndiyo, kama ramani ya kutuma (mahali panapolindwa, haki zinapotoka) na kupokea (mahali panapojengwa) imechorwa kwa eneo zima. Msitu wa Pinelands wa New Jersey, wenye ekari zaidi ya milioni moja, hutumia njia hii ndani ya mamlaka ya kanda.

Nani analipa: soko. Hiyo ndiyo sifa yake, na ndiyo hatari yake. Soko likilala hakuna anayenunua haki, na mkulima anabaki na karatasi. New Jersey ilianzisha benki ya haki hizo mwaka 1985, jambo linaloonyesha kwamba soko peke yake halitoshi.

Mwenye ardhi: anafidiwa bila hazina ya serikali kuguswa sana. Ila anahitaji kuelewa anachouza, na wajanja hupenda kununua kwa asiyeelewa.

Kudumu: haki iliyouzwa imekwenda. Isiyouzwa bado ni nyumba inayosubiri.

Kikwazo kikubwa kiko upande wa kupokea. Watu wa mtaa uliochaguliwa kuongezewa nyumba nao wana sauti, na huuliza kwa nini wabebe wao. Wasipojibiwa kwa barabara, maji na shule, eneo la kupokea hufa, na mfumo mzima hufa nalo.

Inawafaa: kanda zilizo pembeni ya mji unaokua kwa nguvu, zenye hati za ardhi zilizo safi na ofisi ya kumbukumbu inayoaminika. Mahali ambapo umiliki bado una migogoro, iacheni kwanza.

Uchague vipi kulingana na hali yako

Kama lami imetangazwa na viwanja vimeanza kuwekewa mawe ya mpaka, hakuna muda wa kuunda mamlaka. Ombeni vibali visimamishwe kwa kipindi kilichotajwa, wekeni katazo la wazi mahali penye mpaka wa asili, na fedha zozote zilizopo ziende kwenye kile kilele au ile rasi moja ambayo ikipotea hakuna cha kulinda.

Kama bonde lenu liko chini ya halmashauri kadhaa na bado hakuna presha kubwa, mamlaka ya kanda ndiyo ya kufikiriwa kwanza, na wakati wake ni huu. Wenyeji wawe na viti vyenye kura. Vijiji vipewe pa kukulia tangu ramani ya kwanza, vinginevyo mnalinda mandhari kwa kuwafukuza watoto wa walioitunza.

Kama mji unakula mashamba upande mmoja na wajenzi wana fedha, fanyeni hesabu ya kuhamisha haki. Anzeni kutafuta mtaa wa kupokea kabla hamjachora eneo la kutuma.

Kama ninyi ni kikundi cha wananchi msio na mamlaka yoyote, kuna mambo mawili yaliyo ndani ya uwezo wenu. Zungumzeni na wenye mashamba mmoja mmoja kuhusu zuio kwenye hati, na mwende na mwanasheria. La pili ni kuorodhesha sehemu za kutazamia: mtu husimama wapi, anaona nini, kipi kikizibwa hakirudi. Piga picha kutoka pale pale kila msimu. Uswisi, kabla ya ujenzi kukubaliwa, mwombaji husimamisha nguzo nyembamba kwenye kiwanja, zenye vipande vya juu vinavyoonyesha urefu wa jengo na mwinamo wa paa, na majirani huziona kabla ya tofali la kwanza. Ni jambo ambalo halmashauri yoyote inaweza kulidai kwa gharama ndogo, hata kabla haijaamua ni ipi kati ya njia hizi nne itakayoifuata.

Na kama wewe ndiye mwenye shamba lenye mwonekano huo, usisaini chochote, cha mjenzi wala cha mhifadhi, kabla hujajua unaachia haki gani, kwa muda gani, na mwanao atakuta nini kwenye hati.